Kikao cha Jumamosi: usalama wa pochi zetu za sarafu za kidijitali

Hamjambo wanachama,

Kikao cha Jumapili kimesogezwa hadi Jumamosi hii, saa nane mchana, hoteli yetu ya kawaida pale Moi Avenue. Mchango wa chai ni shilingi 200, mtumie mweka hazina kwa M-Pesa kabla ya Ijumaa jioni.

Mje na:

1. Simu yenye chaji. Tutaacha kupokea nambari za uthibitisho kwa SMS, tutumie programu maalum inayotoa nambari hizo kwenye simu yenyewe. Mwizi akisajili laini yako upya kwa ujanja, SMS zote zinamwendea yeye.

2. Kalamu na karatasi. Yale maneno 12 au 24 ya kurejesha pochi huandikwa, hayapigwi picha. Najua wawili hapa wameyahifadhi WhatsApp! Kufuta hakutoshi, fungueni pochi mpya, mhamishie sarafu huko leo leo.

Maneno hayo yabaki nyumbani. Usinionyeshe hata mimi. Anayejiita "huduma kwa wateja" kule Telegram akiyaomba ni mwizi tu, na mwezi jana nusura nimpe mmoja yangu.

Tafadhali jibu "Nipo" au "Sipo" kufikia Alhamisi usiku, nijue viti vingapi.