Malalamiko: jointi za kufungia kamera hazishiki, naomba mzibadilishe au mrudishe hela

Kwa uongozi,

Habari zenu. Mimi ndo nasimamia ufundi laini ya pili hapa kiwandani kwetu Dar, tunajaza maji ya chupa, na nawaandikia kuhusu zile jointi nane za kushikia kamera, zile zinazobana bomba la stendi kwa bolti, tulizochukua kwenu kwa laki sita na arobaini. Simu nimepiga mara nne, picha na video nimetuma WhatsApp, jibu ni lile lile, kaza bolti. Nimeona niandike barua labda itamfikia mtu anayeweza kuamua.

Kwanza kabla ya kuweka oda nilimuuliza kijana wenu wa mauzo, hizi zinaingia bomba la inchi moja? Akasema zinaingia bila shida. Sasa hapa mjini ukisema bomba la inchi moja kila fundi anajua ni lile la chuma la maji, na lile ukilipima kwa nje linakuja milimita 33.7, hiyo inchi moja ni jina tu linafuata tundu la ndani. Jointi zimefika, tundu lake milimita 28. Haikuingia hata moja. Ikabidi tununue na mabomba yenu ya 28, hela ambayo haikuwepo kwenye bajeti. Hilo nikavumilia.

Lililonishinda ni hili la kuteleza. Kamera inaangalia kizibo kama kimekaa sawa, iko milimita 400 kutoka kwenye chupa, na yenyewe na lenzi na taa yake ni kama kilo moja na robo imening'inia upande mmoja wa bomba, kwa hiyo muda wote uzito unavuta jointi izunguke na konveya nayo inatetemeka. Asubuhi tunaiset vizuri, ikifika saa tisa mchana picha imehama, kamera inaona nusu ya kizibo inasema chupa mbovu. Laini inapitisha chupa 100 kwa dakika. Kuna usiku chupa nzima zaidi ya mia tatu zilipigwa nje kabla hatujashtuka, na kijana wa shifti ile akaandikiwa barua ya onyo eti ameigonga kamera.

Hilo liliniuma sana maana yule kijana namjua ni mwangalifu. Kesho yake nikachukua maka peni nikachora mstari mmoja unaopita juu ya jointi na juu ya bomba, nikakataza mtu yeyote asiguse pale. Mchana nikarudi na tochi, mstari umeachana nusu milimita. Mtu ataona nusu milimita ni kitu gani, ila kwenye bomba la 28 hiyo ni digrii mbili, na digrii mbili kwa umbali wa milimita 400 ni milimita 14 kule kwenye chupa, ndo nusu ya kizibo yenyewe. Nikampelekea bosi picha, barua ya kijana ikafutwa.

Mkaniambia stendi isifungwe kwenye konveya, nikaihamishia chini kwenye zege, bado inateleza. Basi nikaifungua jointi nikaangalia mwenyewe. Ile midomo miwili ya klampu, pale bolti inapopita, ukiikaza inagusana kabisa, hata karatasi haipiti katikati, wakati bomba bado halijabanwa vizuri. Nimepima bomba lenu kwa kipimo cha vernia nikapata milimita 27.7, haifiki 28. Midomo ikishagusana hata ukaze vipi nguvu inaishia pale pale kwenye midomo, bomba halipati kitu, na ndo maana bolti moja ya M6, yaani ya milimita 6, ilikatika meno mkononi mwangu nikiwa nafuata ushauri wenu wa kaza bolti. Klampu nzuri ikishakazwa lazima ibaki na nafasi kidogo, hilo mnalijua nyie mnaouza.

Kwa sasa jointi mbili nimezipeleka kwa fundi wa mtaa wa Gerezani hapa Dar akazitoboa pamoja na bomba tukapiga pini. Zimetulia, hazisogei, ila na kurekebisha ndo basi tena, tukibadilisha kutoka chupa ya nusu lita kwenda ya lita moja na nusu inabidi kutoboa tundu jipya, na sisi tulinunua jointi za kurekebishika kwa sababu hiyo hiyo.

Ninachoomba, hizo mbili zilizotobolewa sizidai. Sita zilizobaki mnibadilishie kwa zinazobana bomba lenu kweli, na kabla hamjatuma mkaze moja kwenye bomba hapo dukani mnitumie picha ya midomo nione nafasi. Kama hamna za hivyo nirudishieni laki nne na themanini. Na huyo kijana wa mauzo mwambieni aanze kumuuliza mteja kipenyo cha nje kwa milimita, asitaje inchi.

Boksi zake ninazo, risiti ninayo, hizo sita naweza kuzivua Jumapili laini ikiwa imezimwa. Nijibuni kabla ya Ijumaa nijue nazivua au naziacha.

Msimamizi wa ufundi, laini ya pili