Mtoano usiamue bingwa wa Ligi Kuu

Mhariri,

Wanaotaka bingwa wa Ligi Kuu Bara apatikane kwa mtoano kama NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, wanasahau ratiba. Kwetu timu 16 hukutana nyumbani na ugenini, mechi 30 kila moja, msimamo unatosha. NBA ina timu 30 na mechi 82: za kanda moja hukutana mara 3 au 4, za kanda tofauti mara 2 tu. Ratiba haziko sawa, ndiyo maana wana mtoano, tena wa hadi mechi 7 kila hatua. Na bado unauma! Mwaka 2016 Golden State, walioshinda mechi 73 kati ya 82, waliongoza fainali 3-1; mchezaji wao Draymond Green akafungiwa mechi ya tano, wakalala ya saba 93-89 kwa Cleveland. Sisi, kadi nyekundu moja ya mapema ingefuta msimu mzima.

Msomaji, Dar es Salaam