Kaka, kabla hujamcheka tena kwa ile kamba

Kaka, shikamoo.

Ile video ya mwanangu kwenye mbio za shule uliyoirusha kwenye kundi la familia imefika, na lile jina la "Bwana Kamba" ulilompa mpwao nalo limefika. Kalisikia mwenyewe, maana simu yangu anaijua kuliko mimi. Hakulia. Kaniuliza tu, "Mama, Bwana Kamba ni jina baya?" Ndiyo nikaona nikuandikie hapa, mbele za watu, kwa kuwa nawe umemcheka mbele za watu.

Wewe umeona vipande vya sekunde. Mimi nilikuwa pale uwanjani toka saa mbili asubuhi, jua la Tanga unalijua, nimeshika barafu ya ukwaju inayonichuruzikia mpaka kwenye kiwiko. Mbio za magunia zikapita, kukimbiza kuku kukapita (kuku alishinda), ndipo wakaitwa darasa la kwanza, mita 50. Zile raba ulizomletea zilikuwa zinambana. Akazivua pale pale kwenye mstari wa chokaa, akachomeka soksi ndani, moja huku na moja kule, akanikabidhi kama mtu anayeweka amana.

Filimbi ikalia. Alitoka kwa fujo zile ulizomfundisha Idi iliyopita, ulipomsimulia kwamba Filbert Bayi, Christchurch mwaka 1974, aliwaongoza wenzake mwanzo mpaka mwisho akaweka rekodi ya dunia ya mita 1500. Kweli mtoto akaongoza! Wenzake saba wako nyuma, vumbi linatimka, mimi nimeshaitupa barafu.

Mwishoni walimu wawili walikuwa wamekaza kamba ya katani. Kufika pale, akasimama. Akaitazama. Akainyanyua kwa vidole viwili, akainama, akapita chini yake taratibu, kisha akaiachia isitikisike. Wakati huo wawili walishaivaa kwa vifua, wakapita. Akahesabiwa wa tatu. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Sasa niambie, kaka, kamba ya kuanikia nguo ya Mama uani ni ya nini? Ni katani hiyo hiyo. Toka mtoto huyu ajue kutembea, anasikia sauti moja tu akikatiza pale: "Inama! Usinikatie kamba yangu!" Juzi juzi tu alikula kofi kwa shuka lililoanguka mchangani. Na mwalimu, nilimsikia kwa masikio yangu, aliwaambia wakimbie mpaka kwenye kamba. Mpaka kwenye kamba, yeye ndiye wa kwanza.

Mambo ya kutanguliza kifua mnayajua nyinyi wakimbiaji. Si wewe uliyenipigia simu kabla ya adhana, Septemba 2025, Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni kule Tokyo? Yeye na yule Mjerumani wameandikiwa muda mmoja, 2:09:48, wametenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde, nawe unapiga kelele, "Kifua! Kifua!" hata jirani akaamka. Lakini na wewe ulifundishwa. Kabla hujaenda UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi, Baba alikuwa akikushikia msuli wake njiani, ncha moja yeye, ncha nyingine mimi. Umesahau? Mkono wangu haujasahau.

Wa tatu alipewa daftari na penseli. Tulirudi kwa baiskeli, yeye kwenye keria, kanikumbatia kiuno. Tulipofika kwenye reli akanisemesha mgongoni: "Mama, umeona? Sikuikata." Nilijibu nimeona. Ningejibu nini kingine?

Jina hilo liache, basi. Bibi yake mwenyewe kaona haya kuliko sisi sote. Toka Jumamosi, jioni akishaanua nguo, ananiita tushike kanga, huku na huku, mjukuu anatoka mbio toka kwenye mlango wa jikoni. Siku ya kwanza aliinama tena. Ya pili alifumba macho. Jana alikuja kifua mbele na kanga akaondoka nayo, na Mama akaondoka na kanga, akakaa kitako kwenye beseni la nguo. Nimeirekodi. Usipoifuta ile yako, hii naiweka kwenye kundi, nawe ndiye utakayemweleza Mama ilivyofika huko.

Ukija Idi, raba ziwe namba 31.

Dada yako.