Jumamosi sokoni

Wanakikundi, hamjambo. Jumamosi tunakutana saa nne asubuhi nje ya kituo cha metro, palepale pa siku zote, kisha tunaingia tianguis, lile soko la mtaani la hapa Mexico linalosimamisha mahema asubuhi na kuyakunja jioni. Njooni na chenji. Ukimtolea muuza maembe noti ya peso 500, atakutazama vibaya, na ana haki.

Kwa mliofika Mexico karibuni: ukipita karibu na watu wanaokula, hata usiowajua, sema "provecho". Kwetu anayekula ndiye humwambia mpita njia "karibu". Hapa mpita njia ndiye anayewatakia wanaokula mlo mwema. Na fundi akisema anakuja "ahorita", usimsubiri mlangoni. Mimi nilimsubiri, akatokea kesho yake. Ni ile "sasa hivi" yetu tu.

Tutapitia pia kinu cha nixtamal, yaani mahindi ya kutengenezea tortilla, ile chapati ya mahindi. Mahindi huchemshwa na chokaa, hulazwa usiku kucha, huoshwa, halafu husagwa yakiwa bado na maji. Shikeni hilo donge mkononi mlinuse, ndipo mtaelewa kwa nini tortilla hainukii ugali ingawa hindi ni lilelile.

Kuleni kitu kabla ya kutoka, maana mlo mkuu hapa ni saa nane hadi saa kumi alasiri.

Na aliyekuta kidoli kwenye kipande chake cha rosca, ule mkate wa duara wa Januari 6: tamales za Februari 2, yale madonge ya mahindi yanayofungwa na kupikwa kwa mvuke, ziko juu yako. Unajijua.