Anza na mizania: barua kwa rafiki anayesomea benki na fedha

Mpendwa rafiki yangu,

Nimeipokea barua yako, na nimefurahi mno kusikia kwamba umekubaliwa kusomea benki na fedha. Umeniuliza usome nini kabla masomo hayajaanza, ukataja biashara ya hisa na ya fedha za kigeni. Uniwie radhi nikikupinga: yaweke hayo kando kwanza, ukae na mizania ya benki, yaani taarifa ya mali zake, madeni yake na mtaji wake, mpaka uisome bila kusitasita.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi mwenyewe niliumbuka. Katika jaribio langu la kwanza niliziandika amana za wateja upande wa mali za benki, nikidhani kwamba fedha zikishaingia benki huwa zake. Mwalimu hakunieleza kosa, aliandika pembeni tu, "Nani anamdai nani?" Ilinichukua juma zima kuelewa kwamba amana ni deni ambalo benki inawiwa na mteja, na kwamba mkopo, ulio mzigo kwa mkopaji, ndio mali ya benki. Tangu hapo swali lile nimelitumia katika karibu kila somo, na hata kanuni ya kuingiza kila muamala mara mbili, ambayo mtawa na mwanahisabati wa Italia, Luca Pacioli, aliieleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, iliacha kuwa jambo la kukariri.

Chukua benki yenye mikopo ya 100, amana za 92 na mtaji wa wenye hisa wa 8. Wakopaji wakishindwa kulipa 8 tu, mtaji wote umekwisha, na hasara yoyote inayozidi hapo inawafikia wenye amana. Ndiyo maana makubaliano ya kimataifa ya Basel kuhusu mtaji wa benki, ya mwaka 1988, yalitaka mtaji usiopungua asilimia 8 ya mali, ingawa hesabu yangu nimeirahisisha mno, kwa kuwa kule kila mali hupimwa kwanza kulingana na hatari yake.

Lipo jambo jingine ambalo wanafunzi wengi hulipita haraka, nalo ni muda. Mwenye amana anaweza kudai fedha zake leo, ilhali fedha hizo benki imezifunga kwa miaka mingi katika mikopo na hatifungani, yaani hati za deni zinazolipa riba. Tuseme benki imenunua kwa 1,000 hatifungani ya miaka 10 inayolipa riba ya asilimia 2 kila mwaka, kisha riba ya soko ikapanda ghafla hadi asilimia 5. Hatifungani hiyo sasa itauzwa kwa takriban 768, kwani hakuna atakayelipa bei kamili kwa riba ndogo wakati kubwa ipo. Benki isipolazimika kuuza, itangoja na kulipwa fedha zake zote. Ikilazimika, hasara ni yake papo hapo. Silicon Valley Bank ya Marekani ilinaswa katika mtego huo: tarehe 9 Machi 2023 wateja walitaka kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, na kesho yake ikafungwa. Jaribu kuifanya hesabu ile ya 768 kwa mkono, mwaka baada ya mwaka, kabla ya kuikabidhi kompyuta. Ukiimudu, umekwishaelewa thamani ya sasa ya fedha, yaani thamani ya leo ya fedha zitakazolipwa baadaye, na sehemu kubwa ya somo la uwekezaji itakuwa nyepesi kwako.

Kuhusu vyeti vya kitaaluma, sioni haja ya haraka. CFA ina ngazi tatu za mitihani na humfaa zaidi anayeelekea kwenye uwekezaji. ACCA ni ya uhasibu. Ukichagua kabla ya kujua kama unapenda kutathmini mikopo, kukagua hesabu au kusimamia hatari, utalipa ada ya njia usiyoitaka. Afadhali ujizoeze kuandika vizuri, kwa maana afisa wa mikopo hutumia muda mwingi akiieleza kamati, kwa kurasa chache, kwa nini mtu fulani akopeshwe au anyimwe.

Tafuta taarifa ya mwaka ya benki yoyote, uipitie mizania yake pamoja na maelezo yaliyo nyuma, hasa yanayohusu mikopo chechefu, yaani ile ambayo wakopaji wameshindwa kuilipa kwa wakati. Ukurasa utakaokushinda unitumie pamoja na barua yako ijayo, nasi tutausoma pamoja.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.