Barua kwa kaka yangu: mwache mtoto asome Historia

Kaka, shikamoo.

Ningekupigia, lakini tangu msiba wa baba simu zetu ni za "hamjambo huko" na "tunamshukuru Mungu", halafu mmoja wetu anasingizia salio. Basi naandika hapa, ambapo najua wifi hupita kusoma, na atakufikishia kabla ya chai ya jioni.

Nimesikia matokeo ya binti yetu. HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, divisheni wani! Hongera, na naitoa kwa moyo mweupe, maana ada ya shule ile najua ilivyokukamua. Halafu nikasikia amekwambia anataka kwenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kusoma Historia, nawe ukamjibu mbele ya wadogo zake: "Unataka uje kuwa kama shangazi yako?"

Haya, tumwongelee shangazi yake.

Nianze na pale ulipo sahihi, usije ukasema nimekuja kukuanika tu. Shahada ya Historia haina mlango wake. Mhasibu kama wewe ana bodi yake, mitihani yake, na cheti cha kutundika ukutani. Wa Historia anafungua tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, anasoma sifa za mwombaji tangazo baada ya tangazo, na fani yake haioni, au anajipenyeza kwenye yale maneno ya mwisho, "au fani zinazolingana na hizo". Wengi hukimbilia ualimu, na huko nako kwa miaka serikali imetanguliza walimu wa sayansi na hisabati. Wa sanaa wamebaki mtaani na vyeti vyao, wanafundisha tuisheni, wengine wanaendesha bodaboda. Mimi mwenyewe nilifundisha shule ya mtu binafsi ambako mshahara wa Juni tuliupata Septemba. Unajua, kwa sababu kodi ya chumba ulikuwa unanitumia wewe.

Na kabla ya hapo, nikiwa chuo, bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likichelewa ulikuwa unatia hela kwenye bahasha, unampa kondakta wa basi la Tabora, nami naenda kuipokea Ubungo. Mara nyingine na dumu la asali juu yake. Chumba kizima kilikuwa kinakuombea dua, kaka.

Lakini siku ile ya mazishi.

Wasifu wa baba niliuandika mimi. Nani mwingine angeuandika? Mimi ndiye niliyekaa naye barazani na kinasa sauti, nilipokuwa nafanya utafiti wangu wa mwaka wa tatu juu ya watu wa reli. Nyie wote mlimjua karani wa mizigo wa stesheni ya Tabora. Kumbe kabla ya hapo alikuwa Nairobi, mtumishi wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kijana wa suruali bwaga na rafiki wa kila kabila. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa, akarudi na sanduku moja la bati. Kitanda, redio na stahili zake vikabaki huko. Ukurasa wa kwanza wa wasifu ulikuwa wa kuzaliwa, shule, ndoa na watoto. Wa pili ulikuwa huo.

Jeneza likiwa sebuleni, ulinifuata nilipokaa na akina mama, ukanyoosha mkono. "Lete hiyo karatasi. Atasoma shemeji, watu wanamheshimu." Nikakupa, pale hapakuwa mahali pa kubishana. Ukasoma ukiwa umesimama, ukachomoa pini, ukaukunja ukurasa wa pili na kuutia mfukoni mwa koti. "Hizi hadithi zako ndefu. Watu wana njaa." Shemeji wa benki akasimama kwa sauti yake nzuri, akawasomea watu kwamba baba alifanya kazi Tabora maisha yake yote.

Viti vya nyuma alikuwepo mzee aliyekuja kwa treni kutoka Kigoma, mwenzake baba wa Nairobi. Tulipotoka makaburini alinishika mkono akauliza, "Mbona Nairobi hamkuitaja? Mliona aibu?" Nilikosa la kumwambia. Yu hai bado na namba yake ninayo, kwa hiyo ukitaka kumjibu wewe, sema nikutumie.

Kwa hilo sijakusamehe. Ungechomoa ukurasa wa kwanza ningekusamehe, maana kuzaliwa na kuoa kila marehemu anavyo.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hizo "hadithi" mlizila. Serikali ilipoanza kuwalipa wastaafu wa Jumuiya miaka ya 2000, baba alirudishwa dirishani. Barua ya ajira ilikuwa na jina moja, kitambulisho kina lingine, na namba ya utumishi imefutika nusu. Wewe, mhasibu wa ukoo, ulimshauri aachane nayo, eti nauli itazidi fedha yenyewe. Mimi nilizimwaga zile karatasi kitandani kwa mama, nikazipanga kwa tarehe mpaka nikapata hati ya uhamisho iliyobeba majina yote mawili. Nikamwandikia maelezo ya ukurasa mmoja. Alilipwa. Bati zilizo juu ya nyumba ile ni za fedha hiyo, ingawa kila mgeni anaambiwa umeezeka wewe.

Ile ndiyo kazi yenyewe, kaka. Kukumbuka tarehe ya Mkutano wa Berlin ni mambo ya kidato cha nne. Chuoni unafundishwa kuikamata karatasi na kuihoji: aliyeiandika ni nani, alitaka nini, na kipi amekinyamazia.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu, chukua hii. Wazee wa Kenya waliokuwa wameteswa wakati wa Mau Mau waliposhtaki serikali ya Uingereza, wanahistoria watatu, David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett, walitoa ushahidi wa kitaalamu. Mwaka 2011, kesi ikiendelea, serikali ile ikalazimika kukiri kwamba inayo maelfu ya majalada ya makoloni, yamewekwa Hanslope Park, huko huko Uingereza, bila umma kujua. Mwaka 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa wadai 5,228. Gawanya mwenyewe. Kwa kila mzee ni hela kidogo kwa mateso yale, lakini mawakili peke yao wasingeifikia bila watu wa kupekua majalada.

Hapa kwetu kazi ya namna hiyo ndiyo kwanza inaanza. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa wakati wa Majimaji, na akaahidi msaada wa kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani. Fuvu kama hilo hutafutwa kwenye madaftari ya makumbusho na barua za maofisa wa kikoloni, kwa ule mwandiko wa Kijerumani cha zamani unaofanana na nyasi zilizolala. Watanzania wanaoweza kuusoma ni wachache mno. Mwambie mwanangu aanze Kijerumani mwaka wa kwanza, Goethe-Institut ipo hapo hapo Dar. Mimi nimeanza na mvi, na bado watafiti wa huko hunilipa niwatafutie majalada Nyaraka za Taifa.

Kama unataka usingizi, achukue Historia pamoja na ualimu. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na litahitaji wa kulifundisha. Au akimaliza aongeze utunzaji wa kumbukumbu, kama mimi. Asiende tu na shahada tupu akidhani itamtafutia yenyewe.

Najua unamwambia wifi kuwa huku masijala nahesabu mafaili. Wiki haipiti bila mtu kuja na mgogoro wa kiwanja, macho yamemtoka, na anayejua barua yake ya mwaka wa themanini na kitu ilipo ni mimi. Mshahara unaingia tarehe yake. Nina kiwanja Kibaha na hati yake ninayo mkononi, sijui cha kwako cha Goba kimeishia wapi. Watoto wangu wanasoma. Sasa "kama shangazi yako" maana yake nini hasa?

Dirisha la maombi ya vyuo likifunguliwa, mwache ajaze mwenyewe. Bodi ya Mikopo ikimpa, sawa. Ikimnyima, ada ya mwaka wa kwanza nitatoa mimi, na nimeiandika hapa mbele ya watu ili usiseme nilitania. Wewe nitafutie kile kikaratasi, najua koti la msiba hujalivaa tena.

Na usimpigie mama kumwambia nimekutukana mtandaoni. Nimeshamsomea yote. Amesema nikusalimie, na nikukumbushe hela ya fundi bomba.