Barua kwa Ambakisye, kabla hujanunua bunduki ya shabaha

Mafinga, Jumapili jioni

Ndugu yangu Ambakisye,

Kamwene. Huku sote wazima, ukungu tu ndio umetuganda, asubuhi mpaka saa nne huoni mti wa pili. Barua yako imefika na nimeisoma yote. Nimefurahi sana kusikia unataka kuanza kulenga shabaha kwa starehe, na unaniuliza uchukue kaliba gani, yaani bunduki ya upana gani wa mtutu, maana jicho lako nalijua tangu tulipokuwa JKT. Ila nilipofika pale unaposema kuna mzee wa Tukuyu anakuuzia bunduki ya .375 kwa bei ya kutupa, nikaona nisilale kabla sijakujibu.

Tuanze na huyo mzee. Usimpe hata senti. Bunduki haihami mikono kwa watu kupeana fedha sebuleni. Kitabu cha leseni alichokuonyesha kina jina lake yeye, na ukikutwa nayo wewe, kitabu hicho hakikuokoi, wala yeye hakimwokoi. Siku hizi tunaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na safari inaanzia ofisi ya serikali ya mtaa wako, inapanda kwenye vikao vya ulinzi na usalama hadi polisi. Nenda ukawaulize utaratibu wote kabla hujachagua chochote. Hata ukifikiria bunduki ya upepo, ile ya vidonge vya milimita 4.5, waulize kwanza, usijiambie kwamba hiyo ni mchezo wa watoto. Ukiulizwa unataka silaha ya nini, sema ukweli kwamba ni ya shabaha.

Sasa hiyo .375 yenyewe. Holland & Holland wa Uingereza waliitoa mwaka 1912, na kazi yake ni nyati, simba na wanyama wa aina hiyo. Risasi yake ya kawaida ina uzito wa karibu gramu 19. Wawindaji wanaoingia mapori ya upande wa Ruaha huipiga mara mbili tatu kuhakikisha inakwenda wanapolenga, kisha wanaifunga mpaka siku ya kazi. Hakuna anayekaa nayo Jumamosi nzima akitoboa karatasi. Bega haliruhusu, na mfuko pia haurudi salama.

Na si maumivu peke yake. Kulenga shabaha ni kazi ya risasi nyingi, Ambakisye. Mkono unajifunza kwa kurudia, na bunduki yenye teke kali inaufundisha mwili wako uoga. Jicho linafumba nukta moja kabla ya mlio, bega linasukuma mbele, kidole kinanyakua triga badala ya kuibana polepole. Mtu mwenyewe hajui kabisa, kwa sababu mlio na teke vinaficha kila kitu. Dawa yake ni kumwomba mwenzako akupakilie, achanganye risasi ya bandia katikati ya zile za kweli bila kukwambia. Ukifika kwenye ile ya bandia, utauona mtutu unainama wenyewe, hakuna kilicholia. Nimewaona watu wazima, wenye miaka mingi ya kuwinda, wakishangaa mtutu wao unavyochovya.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kaliba ni .22 Long Rifle, na nakusihi usiiangalie kwa dharau. Ipo tangu mwaka 1887 na bado ndiyo inayotumika kwenye Olimpiki, mita 50, mpiga risasi akiwa amepiga magoti, amelala na amesimama. Pale kiduara cha kumi, kile cha katikati kabisa, kina upana wa milimita 10.4, yaani karibu na ukucha wa kidole chako kidogo. Ukikipiga hicho kutoka mita 50, tena umesimama, hakuna atakayekuuliza mbona bunduki yako ndogo.

Risasi yake ni ya madini ya risasi matupu, yale ya kijivu, gramu 2.6, haijavikwa shaba kama zile kubwa, na nyingine hupakwa nta. Fataki, ile inayowasha baruti, imemiminwa kwenye ukingo wa kitako cha ganda, kwa hiyo kipini cha bunduki kinagonga pembeni, si katikati. Ndiyo maana ganda likishatumika halijazwi tena. Ndiyo maana pia usizoee kufyatua .22 ikiwa tupu kama maelezo ya mtengenezaji hayaruhusu: kipini kikikosa ganda la kugonga, kinaweza kugonga chuma cha mdomo wa chemba, pale ganda linapokaa, na kukibonyeza. Kwa mazoezi ya triga nyumbani tumia ganda bandia.

Ukiwa dukani utakuta zenye kasi na za kawaida. Muuzaji atakusifia zenye kasi. Wewe chukua za kawaida, zile zinazotoka kwenye mtutu kwa mita 320 hadi 330 kwa sekunde, chini kidogo ya mwendo wa sauti. Zile za kasi zinatoka juu ya mwendo wa sauti, halafu zinapoteza kasi hiyo haraka njiani, na cha ajabu ni kwamba upepo unazisogeza zaidi kuliko zile za polepole. Nasi kwa upepo hatujambo, mwenyewe unaijua Makambako. Upepo wa ubavuni wa kilomita 15 kwa saa unaweza kuihamisha .22 sentimita mbili hadi tatu kwa umbali wa mita 50. Linganisha na kile kiduara cha sentimita moja, utaelewa kwa nini wapiga shabaha wazuri wanatazama nyasi na vitambaa kuliko wanavyotazama bunduki. Na ukiilenga sawasawa kwa mita 50 kisha ukarudi nyuma mpaka 100 bila kurekebisha, itapiga chini kwa sentimita 20 hadi 25. Watu huona hilo ni udhaifu. Mimi naona ndiyo darasa lenyewe, maana mita 100 za .22 zinakufundisha upepo na mdondoko ambao kwa bunduki kubwa ungeufuata mita 300 au zaidi.

Hewa yetu ya juu isikutie wasiwasi. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam na inaikwamisha risasi kidogo kuliko ya huko. Kwa mita 50 hutaona tofauti.

Umeniuliza pia .223 na .308. Ni kaliba nzuri zote. .308 Winchester ya mwaka 1952 inapendwa sana na watu wa masafa, .223 ina teke dogo na inakwenda vizuri mita 200, hata 300. Lakini utazipigia wapi? Risasi ya .308 inaondoka na nguvu ya joule 3,500 hivi, wakati .22 ya kawaida haifiki 150. Usinitajie mbuga za Usangu. Kule kuna wafugaji, kuna watu wa mpunga, kuna mtoto nyuma ya ng'ombe ambaye hutamwona kamwe. Kama siku moja utapata uwanja halali wa masafa hayo, tutaongea upya.

Hata .22 yenyewe, kwa udogo ule, ikirushwa juu inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Hili ndilo linalonikosesha raha kuliko yote, kwa sababu watu wanaidharau wanaweka kopo juu ya jiwe wanaanza. Risasi laini ikigonga jiwe au maji inaruka upande usiojulikana. Huko kwenu mawe yamejaa. Piga kwenye uwanja ulioruhusiwa na polisi, na uukague mwenyewe. Nyuma ya shabaha pawe na kingo ya udongo mrefu kupita kichwa cha mtu, udongo uliochekechwa mawe, na nyuma ya kingo pawe mlima au bonde lisilo na njia. Mti si kingo. Pori la misonobari kama yetu ya Sao Hill si kingo pia, maana kuna watu wa kuni, wa uyoga na wa asali humo kila siku.

Sasa bunduki yenyewe, na hapa ndipo nataka utulie, kwa sababu wewe ni wa mashoto. Karibu bunduki zote utakazoonyeshwa zina bolti, kile chuma cha kuvuta na kusukuma ili kupakia, upande wa kulia. Mtu wa mashoto akiitumia hiyo inabidi apeleke mkono juu ya bunduki kila anapokoki, anavunja mkao wake wote, na ganda likipasuka kwa bahati mbaya, moshi na vipande viko upande wa uso wake. Lakini usikimbilie kuagiza ya mashoto kabla hujalijua jicho lako, maana mkono na jicho si lazima vikubaliane. Toka nje, chagua mti mmoja kwenye mteremko wa Loleza, unyooshee kidole macho yote mawili yakiwa wazi. Kisha fumba la kulia. Kidole kikibaki kwenye mti, jicho lako kuu ni la kushoto. Kikiruka, ni la kulia. Bunduki inafuata jicho. Kama ni la kushoto, tafuta bolti ya kushoto. CZ wa Jamhuri ya Czech wanazitengeneza, na Anschütz wa Ujerumani pia, ingawa hao wa pili bei yao ni ya watu wa mashindano.

Chukua ya bolti, ya kukoki kila risasi, si ya kujipakia yenyewe. Ile ya kujipakia inakualika upige haraka, na wewe unataka kinyume chake.

Kwenye kitako fanya hivi. Hakikisha kwanza bunduki ni tupu, bolti wazi, umechungulia chemba na kuingiza kidole. Fumba macho, iweke begani, laza shavu mahali linapokaa lenyewe bila kulilazimisha, halafu fungua macho. Ukikuta unaona katikati ya darubini, kitako ni chako. Ukikuta unainua au unabonyeza shingo ndipo uone, muulize muuzaji kama kitako kinarekebishika, na kama hakirekebishiki iache, hata ikiwa nzuri namna gani.

Kitako cha mbao kinapendeza, nami nakipenda, lakini mbao za nyanda zetu zinakunywa unyevu. Kuanzia Novemba mpaka Aprili zinavimba kidogo, zinaugusa mtutu, na bunduki iliyokuwa inapiga katikati inaanza kupiga pembeni bila wewe kubadilisha kitu. Chukua noti ya elfu tano uipitishe kati ya mtutu na mbao, kutoka mbele kurudi nyuma. Ipite bila kukwama mpaka karibu na chemba. Ikikwama, mtutu unaguswa. Mbao za tabaka zilizobandikwa kwa gundi, au kitako cha plastiki ngumu, havina taabu hiyo. Na usiihifadhi bunduki kwenye mfuko wake wa kitambaa au ngozi, unyevu unabaki humo na kutu inaanza. Ipanguse mafuta kidogo, iweke kwenye kabati la chuma lenye kufuli, risasi mahali pengine penye kufuli yake.

Triga iwe safi, isiwe na mkwaruzo, ifyatuke kwa uzito wa kilo moja hadi moja na nusu. Darubini, kama utaichukua, iwe ya .22, ile iliyorekebishwa kwa mita 50. Nyingi za bunduki kubwa zimepangwa kwa mita 100, na ukiitumia karibu, alama inaonekana kuhama kwenye shabaha kila unaposogeza kichwa. Mimi nakushauri uanze na vilengeo vya chuma, macho yako bado yana nguvu.

Ukishapata vibali na bunduki, usinunue risasi za aina moja kwa wingi. Chukua boksi la hamsini hamsini la aina tatu au nne. Kila mtutu wa .22 una chaguo lake, na hakuna anayeweza kukutabiria. Piga ukiwa umeegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, risasi tanotano kwa kila karatasi, na ukibadilisha aina toa kwanza kumi hivi mtutu uizoee. Aina inayokusanya matundu yake karibu karibu ndiyo yako, hata kama ni ya bei ndogo. Kisha nunua za namba ileile ya toleo kadiri leseni inavyoruhusu.

Vizibo vya masikio na miwani vaa kila mara, hata kwa mlio mdogo huu. Na ukitoka uwanjani nawa mikono kabla hujambeba mtoto, hayo madini ya risasi ni sumu.

Basi la Mbeya linapita hapa kila siku, njoo mwisho wa wiki yoyote. Nitauliza polisi kama mgeni anaruhusiwa kupiga chini ya usimamizi, na wakikataa utaiweka begani tu ikiwa tupu tukupime urefu wa kitako. Huo ndio upimaji wenye faida kwako kuliko picha zote ulizonitumia.

Mama Tumaini msalimie sana, na mwambie viazi vyake vilifika salama. Na lile jaribio la jicho lifanye kesho asubuhi kabla ya mawingu, uniandikie limekuwa lipi.

Ndaga fijo kwa kuniuliza.

Wako,
Festo